Mtutu wa Pili: Mjadala juu ya Bunduki ya Kwale na ya Visahani

MLENGA SHABAHA: Naanza na hoja ambayo sioni namna ya kuikwepa. Mtu aliyejaaliwa leseni ya bunduki moja tu ya marisau, naye akawa na shauku mbili kwa pamoja, yaani ya kuwafuata kwale na kanga katika nyika za Biharamulo na ya kuvunja visahani virushwavyo hewani kwa mtambo, basi huyo, akitaka fedha yake isiende bure, na achukue geji 12 yenye mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwenziwe. Mitutu ikipandana, jicho huona mstari mmoja mwembamba na ndege mbele yake. Fauka ya hayo, mtutu wa chini, ambao aghalabu ndio upigwao kwanza, huleta kishindo chake moja kwa moja begani pasipo kuurusha juu mdomo wa bunduki, hata mpigaji huwa tayari kwa risasi ya pili kabla mlio wa kwanza haujatulia. John Browning, fundi mashuhuri wa Marekani, alifariki mwaka 1926 huko Liège, Ubelgiji, na bunduki ya umbo hilo ni miongoni mwa kazi zake za mwisho. Na leo, katika viwanja vya visahani vya Italia au vya Dubai, utawaona mahodari wengi wameishika hiyo, mitutu yake ikiwa na urefu wa sentimita 76 hivi.

MWINDAJI MZEE: Umesema mengi ya haki, bwana mdogo, nami sikukatalii kwa habari ya visahani, ingawa kutoka daraja la Rusumo hadi njia panda ya Nyakanazi sijauona uwanja hata mmoja wa mchezo huo. Tuache uwanja, tuitazame bunduki yenyewe. Hiyo uisifuyo ina uzito gani?

MLENGA SHABAHA: Kilo tatu na nusu. Nyingine hupindukia.

MWINDAJI MZEE: Haya. Sasa uchukue mzigo huo alfajiri, umande ukiwa magotini, uupandishe milima ya Ngara ambayo haina kilele kimoja bali kila umalizapo mmoja huuona mwingine umekusubiri, ushuke nao bondeni, upande tena, na baada ya saa nne za namna hiyo, mikono imelegea na jasho limekuingia machoni, kwale waruke ghafla kutoka chini ya unyayo wako kwa kishindo cha mbawa. Kisha uniambie kama kilo zako tatu na nusu zitafika begani kabla ndege hawajavuka kichaka. Mwindaji huibeba bunduki yake siku nzima ili aipige mara mbili au tatu, ilhali wewe wa visahani huibeba hatua chache kutoka garini na kuipiga mara mia. Kwa ajili hiyo mimi hushika geji 20, mitutu miwili iliyolala sambamba, urefu wake sentimita 66, na uzito wake haufiki kilo tatu. Nayo ina vifyatulio viwili, cha mbele na cha nyuma, jambo ambalo ninyi vijana mmelidharau pasipo kulichunguza.

MLENGA SHABAHA: Sikulidharau, mzee wangu, nilikuwa sijalifikia. Lakini tuseme kwanza hili la wepesi, kwa sababu wepesi unaouona kuwa ni neema mlimani hugeuka adhabu pale bunduki inapolia. Kishindo hakipungui kwa kuwa bunduki ni nyepesi, huzidi. Mtu akiipiga bunduki ya kilo mbili na robo tatu mara mia moja kwa siku, kesho yake bega limeingia rangi, na keshokutwa amekwisha jifundisha, pasipo kujua, kufumba jicho kila avutapo kifyatulio. Isitoshe, geji 20 ina tundu la milimita 15.6 tu, ilhali geji 12 ni milimita 18.5, kwa hiyo katika tundu jembamba utatia marisau machache zaidi, au utayarundika marefu ndani ya ganda hata yatoke kama mnyororo badala ya kutoka kama wavu. Mimi huchukua risasi ya gramu 28, namba saba na nusu, ambamo mna chembe zaidi ya 300, na kila chembe ni nafasi ya kumpata ndege.

MWINDAJI MZEE: Au ya kumharibu. Tuulizane juu ya mwendo, kwa maana hapo ndipo tunapoachana njia. Kisahani kikitoka mtamboni huwa katika kasi yake kuu papo hapo, na tangu dakika hiyo hakifanyi jambo jingine ila kupungua. Kwale hutoka majanini akiwa hana kasi, kisha huizidisha kadiri anavyokwenda. Bunduki nzito yenye mitutu mirefu, ambayo ikianza kuzunguka huendelea kwa uzito wake wenyewe, humfaa yule anayekifuata kitu kinachochoka. Bali kwa kitu kinachozidi kuamka mikononi mwako, chenye kupinda nyuma ya mti wa mninga pasipo kukuarifu, yataka bunduki inayotii. Tena wewe humwamuru mtu akurushie kisahani, naye akakirusha. Kwale hangoji amri.

MLENGA SHABAHA: Hapo, mzee, unawahukumu wote kwa kosa la baadhi. Upo mchezo mmoja wa visahani, ule unaoitwa skiti, ambao kanuni zake katika Olimpiki zinamlazimu mpigaji aishike bunduki chini, kitako kikiwa usawa wa nyonga, na akishaita, kisahani chaweza kutoka mara moja au kikachelewa hadi sekunde tatu, bila yeye kujua. Hilo lina tofauti gani na kwale wako?

MWINDAJI MZEE: Tofauti ni kwamba miguu yako imesimama juu ya saruji.

(Mwandishi aliyeyanakili mazungumzo haya anaomba ruhusa ya kusema neno moja tu: jibu la mzee lilipokewa kwa kicheko, walakini kicheko si hoja, na swali la kijana lingali limesimama.)

MKULIMA WA RULENGE: Mniwie radhi, mzee, na wewe kaka yangu. Nimewasikiliza kwa adabu tangu mlipoanza, mkipima sentimita na gramu, na sijasikia hata mmoja aliyetaja mahindi. Mimi nikishapanda, kabla mbegu haijaota, kanga wameingia shambani kundi zima na kuyafuata mashimo moja baada ya jingine, kana kwamba waliniona nikiyafukia. Karanga ndiyo usiseme. Nionavyo mimi, bunduki ya mtutu mmoja, kama zile Baikal za Warusi zinazotoka Izhevsk, yatosha kabisa: yavunjwa katikati, yatiwa risasi moja, yafungwa, imekwisha. Haina vingi vya kuharibika, na mwenye kuinunua hauzi ng'ombe. Mtutu wa pili ni wa nini?

MLENGA SHABAHA: Wa pili ni kwa sababu wa kwanza hukosa, mama.

MKULIMA WA RULENGE: Basi ujifunze kutokosa.

MLENGA SHABAHA: Ahsante, umenisemea hoja yangu mwenyewe. Mtu ajifunze wapi? Mwindaji asiyepiga ila ndege hujifunza juu ya miili ya ndege: kila kosa lake ni mbawa iliyovunjika, ni kwale aliyejificha kichakani akafa siku ya tatu pasipo faida kwa mtu wala kwa mbweha. Kisahani hakina damu. Kimefinyangwa kwa lami na chokaa, na kikivunjika hakuna aliyedhulumiwa. Zamani, huko Ulaya na Marekani, watu waliwafungulia njiwa hai kutoka masandukuni ili wapigwe kwa mchezo, na katika michezo ya Paris ya mwaka 1900 waliuawa njiwa hai mbele ya watazamaji. Hatimaye kisahani kikaushika mchezo, na njiwa wengi wakapumzika. Ndiyo maana nasema bunduki ichaguliwe kwanza kwa ajili ya visahani. Atakayevunja visahani ishirini kati ya ishirini na tano, tena kwa wiki nyingi, ndiye mwenye haki ya kwenda kumtazama kwale kwa jicho la kitoweo.

MWINDAJI MZEE: Hoja hiyo ni nzito kuliko zote ulizozileta, nami sitaipuuza. Ila yasikie na ya upande wa pili. Bunduki ya visahani, hasa ile ya mchezo wa handaki, ambamo kisahani hutokea chini na kupaa mbele yako, fundi wake huikweza mgongo wa kitako ili marisau yaende juu kidogo ya pale unapotazama, maana amejua kwamba shabaha inapanda. Sasa njoo nayo Ngara. Kwale wa mlimani akishtushwa, mara nyingi hapandi. Hujitupa bondeni, akaenda na mteremko kama jiwe. Wewe umesimama juu, bunduki yako imefundishwa kupiga juu, na ndege anashuka. Utaipiga mbingu. Utaipiga tena kwa mtutu wa pili, kisha utarudi nyumbani ukimlaumu aliyekuuzia risasi.

MLENGA SHABAHA: Kitako hurekebishwa, mzee. Siku hizi ziko bunduki ambazo mgongo wa kitako hushuka na kupanda kwa skrubu, na mdomo wa mtutu hubadilishwa vibano kwa hesi, kama mtu afunguavyo kizibo. Nikienda kwenye visahani vya mbali hufunga kibano kikali, nikija kwa kwale nakiondoa. Kwa kibano kikali, katika umbali wa mita 37 hivi, asilimia 70 ya marisau huangukia ndani ya duara la upana wa sentimita 76. Kwa mdomo ulio wazi ni asilimia 40 tu, lakini yametawanyika vizuri kwa ndege wa karibu. Bunduki moja, tabia mbili.

MWINDAJI MZEE: Naye kanga akitokea mita arobaini, ilhali umekwisha ufungua mdomo kwa ajili ya kwale aliye mita kumi na tano, utamwambia asubiri ukibadili kizibo? Hapo ndipo navikumbuka vifyatulio vyangu viwili. Mtutu wangu wa kulia u wazi, wa kushoto umebanwa. Kidole kikienda mbele, nampata wa karibu. Kikirudi nyuma, nampata wa mbali. Na uamuzi huo huchukua muda ule ule wa kupepesa. Bunduki za siku hizi zina kifyatulio kimoja na kijiti cha kuchagulia mtutu, na sijapata kumwona mtu aliyekumbuka kukigusa kijiti hicho kanga wakiwa hewani.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Shikamoo, mzee wangu.

MWINDAJI MZEE: Marahaba, afande. Nilijua hutanyamaza.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Ningalinyamaza lau mngekuwa mnazungumzia nchi nyingine. Mnajadiliana juu ya mtutu wa pili kana kwamba Ngara na Biharamulo ni mahali ambapo bunduki ni chombo cha mchezo tu na hapajapata kutokea jambo. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaenea Benaco na vilimani pembezoni mwake. Wengi wao walikuwa wanyonge waliokimbia na watoto wao, ila miongoni mwao walikuwamo wenye silaha na wenye damu mikononi, na silaha hizo hazikurudi zote zilikotoka. Kwa miaka mingi baadaye magari yaliyopita njia ya Lusahunga yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Wanyama wa Burigi na Kimisi walipigwa kwa silaha za vita. Kwa hiyo mwananchi wa hapa akisikia mlio mmoja mlimani, husema labda ni kanga. Akisikia miwili ya kufuatana, huwaita watoto ndani. Mtutu mmoja humfanya mtu afikiri kabla ya kuvuta, na humfanya jirani yake alale.

MLENGA SHABAHA: Walakini, afande, jambazi hakuwahi kuja na bunduki ya kwale. Na mwenye leseni, aliyepimwa na kuandikwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha yake ikiwa na namba inayojulikana, anaadhibiwa kwa dhambi ya nani?

ASKARI WA WANYAMAPORI: Sikusema anaadhibiwa. Nasema silaha huibiwa. Bunduki iliyofungwa kabatini mwa mtu mwema Jumatatu yaweza kuwa njiani mikononi mwa mtu mwovu Jumatano, na ile ya mitutu miwili huwa na madhara mara mbili. Tena nami nina swali ambalo hamjaliuliza: utaipeleka wapi? Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambamo zamani mwenye kibali aliweza kuwinda, tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna leseni ya kuwinda hata kwale mmoja. Mnagombea urefu wa mitutu ilhali nchi yenyewe ya kuwindia imefupika.

MWINDAJI MZEE: Imefupika, nami nayajua mapito yake kabla hayajawekwa vibao. Bali nje ya mpaka wa hifadhi kanga wangalipo, huyu binti amekwisha kutuambia wanakokula. Nikujibu sasa juu ya mtutu wa pili, afande, kwa kuwa mwenzangu anautaka kwa ajili ya hesabu ya mchezo, na mimi nautaka kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Kanga ni ndege mgumu. Manyoya yake ni kama ngao, na marisau machache yakimpata hayamwui. Humwangusha, akainuka, akakimbia kwa miguu kuliko mbwa. Mwenye mtutu mmoja, kabla hajaivunja bunduki yake na kutia risasi nyingine, ndege amekwisha kuzama majanini na maumivu yake. Mtutu wa pili ni rehema.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Rehema ingekuwa kutompiga kwa mbali tangu mwanzo.

MWINDAJI MZEE: Kweli, na laiti kila mtu angekuwa na subira hiyo. Hata hivyo kuna na suala la kisu. Mimi ni Muislamu, na katika madhehebu yetu ya Shafii wanazuoni wamehitilafiana juu ya windo lililokufa kwa bunduki kabla halijawahiwa: wako wasemao kwamba kilichouawa kwa pigo zito ni mfano wa kilichopigwa kwa rungu, hakiliwi, na wako wasemao kwamba risasi iliyotajiwa jina la Mwenyezi Mungu, ikatoboa na kumwaga damu, imehalalisha. Mimi nimejichukulia lililo salama: nataka ndege aanguke roho ingalimo, nimfikie, nimchinje. Sasa mpige kanga kwa geji 12 iliyobanwa mdomo, kwa mita ishirini, gramu 28 zote zimemwingia kifuani, utamchinja nani? Utaokota manyoya. Ndiyo sababu hutumia geji ndogo yenye mdomo wazi kwanza, na mtutu uliobanwa nauweka akiba kwa yule aliyeinuka na kukimbia. Huyu kijana huanza na nguvu na kumalizia na nguvu.

MLENGA SHABAHA: Huanza na yakini, mzee. Lakini nakiri kwamba suala la kisu sikulipima. Katika visahani hatuchinji.

MKULIMA WA RULENGE: Nami naomba nipime la gramu. Kaka, ulisema risasi moja ina gramu 28 za marisau?

MLENGA SHABAHA: Ishirini na nane, ama 24 katika mashindano ya Olimpiki.

MKULIMA WA RULENGE: Nawe wapiga mia kwa siku. Hizo ni kilo mbili na gramu mia nane za madini ya risasi kwa mtu mmoja, siku moja. Mkiwa kumi, ni kilo ishirini na nane. Yaangukia wapi? Maana visahani mwavirusha juu ya bonde, na mabonde ya huku hayana nafasi tupu: mna migomba, mna maharage, mna kisima tuchotacho maji.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Umeuliza swali la maana kuliko letu sote. Marisau ya risasi ni sumu. Bata wa ziwani huyameza wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, wakadhoofika na kufa. Ndiyo sababu Denmark iliyapiga marufuku mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukayakataza katika maeneo ya majimaji tangu Februari 2023. Sisi tuna Ziwa Burigi, tuna mabwawa yote ya mto Kagera, na mkataba wa ndege wahamao wa majini, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unatutaka tuache vivyo hivyo.

MLENGA SHABAHA: Basi tutumie marisau ya chuma. Yapo, na bunduki yangu imejengwa kwa ajili yake. Mitutu yake imepimwa kwa mgandamizo wake, nami nikiyatumia hukilegeza kibano, kwa kuwa chuma hakibonyei kama risasi ibonyeavyo. Ila mzee wangu hapa, sijui. Bunduki kongwe, yenye kuta nyembamba na mdomo uliobanwa sana upande wa kushoto, ikipitishwa chuma humo, mtutu hututumka, na pengine hupasuka. Siku serikali itakapoyakataza marisau ya risasi, yake itakuwa ya kutundika ukutani.

MWINDAJI MZEE: Ikifika siku hiyo nitaitundika. Lakini linganisha dhambi kwa kipimo, kijana: mimi kwa msimu mzima sitoi gramu ambazo wewe wazimwaga kabla ya chakula cha mchana. Kama sumu ndiyo kesi, mshtakiwa wa kwanza si kwale, ni kisahani ulichonisifia kuwa hakina damu.

MLENGA SHABAHA: Na ndege uliyemkosa kwa kutofanya mazoezi, mzee, yeye yumo katika kipimo gani? Uwanja waweza kuwekwa mahali pamoja panapojulikana, pakazungushiwa ua, na mchanga wake ukachekechwa kila mwaka marisau yakatolewa na kuuzwa. Kuna viwanja duniani vifanyavyo hivyo. Silaha zikahifadhiwa humo humo chini ya ulinzi, hata afande akapata usingizi, na vijana wa Ngara wakajifunza mchezo ambao kwao Ahmed bin Hasher Al Maktoum wa Dubai aliwapatia watu wa Falme za Kiarabu nishani yao ya kwanza ya Olimpiki, tena ya dhahabu, huko Athens mwaka 2004. Wale nao walikuwa watu wa kipanga na jangwa. Hawakuzaliwa na visahani.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Walizaliwa na fedha ya kuvinunua. Ghala la silaha lililoko kilomita chache kutoka mpaka wa Burundi na wa Rwanda, kaka, hulipelekei ombi kwa kutaja nishani. Utaulizwa nani analinda usiku.

MKULIMA WA RULENGE: Na mimi nitauliza bonde ni la nani. Mkishalipata hilo bonde, lisilo na kisima chini yake wala shamba la mtu, mje mniambie, ndipo tutakapozungumza habari za geji. Kwa sasa mahindi yangu yana siku mbili ardhini, na kati yenu nyote watatu sijamsikia hata mmoja aliyejitolea kuja kesho alfajiri, kwa mtutu mmoja au miwili.

MWINDAJI MZEE: Shamba lako liko upande gani wa mpaka wa hifadhi?

MKULIMA WA RULENGE: Huku kwetu, mzee. Ila kanga hulala upande wa pili.

ASKARI WA WANYAMAPORI: Basi watapigwa wakiwa huku, tena kwa kibali, na si kabla ya jua kuchomoza.